Kosa Langu katika Sura ya Tisa

Mwanangu Leokadia,

Kosa wanalofanya watu wengi wakishika prufu ya kitabu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, ni kuwinda herufi. Wanachukua kalamu nyekundu, wanakunja uso, wanatafuta ni wapi nukta imedondoka na ni wapi neno limeandikwa mara mbili, na wakishapata makosa thelathini wanajiona wamemaliza kazi. Kumbe muda wote huo habari yenyewe imepita mbele ya macho yao miguu juu, kichwa chini, na hawakuiona. Kosa hili nalijua vizuri kwa sababu nililifanya miaka mingi nikilipwa mshahara, na wiki hii nimelifanya tena bure, juu ya kitabu chako.

Umekwenda Mazimbu kuwaaga wenzako na umesema saa tisa utakuwa umerudi. Mimi nimekaa barazani, prufu yako iko mapajani. Juu kule milima imejifunika wingu mpaka kiunoni, hapa chini Kihonda ni jua kali na vumbi. Kesho asubuhi unapanda treni kwenda Dar es Salaam kuanza maisha yako. Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Hayo niliyasema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia habari za sura ya tisa tu, na ninaziandika kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitaanza kujitetea, wewe utaanza kunihurumia, na tutafika kesho hatujasema kitu.

Usiogope. Nina furaha kubwa, na sijui kama nitaweza kuandika kwa mpangilio. Tangu Jumapili natembea nyumbani humu kama mtu aliyeokota kitu.

Acha nianzie mbali kidogo, unijue nilivyokuwa kazini.

Nilipoajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji hapa mjini nilikuwa msichana wa kidato cha sita mwenye hati nzuri na majivuno mengi. Kazi ya kusahihisha prufu tulikuwa tunaifanya wawili wawili. Mmoja anashika mswada na kuusoma kwa sauti, mwingine anafuatisha kwenye prufu akiwa na kalamu. Mwenzangu alikuwa Mzee Ramadhani, mtu mpole mwenye kikohozi. Alisoma kila kitu, hata alama: "Baba akaingia, mkato, akavua kofia, nukta, aya mpya, fungua semi." Wageni wakipita mlangoni walidhani tunasali. Nilikuwa hodari, Leokadia. Meneja alikuwa akinionyesha kwa wageni: huyu binti hapitwi na kitu.

Basi, mwaka wangu wa pili kikaja kijitabu cha kilimo cha mboga, kimekusudiwa kwa wakulima wa huko kwetu Mgeta. Mzee Ramadhani akasoma, mimi nikafuatisha, tukakitoa kisafi kama sahani. Nikachukua nakala moja nikampelekea baba yangu, babu yako, kwa fahari. Alikuwa kwenye matuta yake ya karoti. Akafuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akasoma kurasa mbili tatu kwa sauti ya chini. Halafu akaanza kucheka.

"Mwanangu, karoti hizi mnampandia tembo?"

"Kwa nini, baba?"

"Kitabu chako kinaniambia kutoka mche hadi mche niache futi tatu. Mlima wote huu nitapata karoti kumi."

Ilitakiwa iwe inchi tatu. Mswada ulikosea, prufu ikafuata mswada, na mimi nikapiga alama ya kwamba vinalingana. Vililingana kweli. Nilipandwa na hasira, nikamwambia kazi yangu ni maandishi, karoti si kazi yangu. Hakubishana nami. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Sasa anayesoma anataka maandishi au anataka karoti?"

Niliporudi kiwandani nikamweleza Mzee Ramadhani, naye akakohoa, akasema tangu siku hiyo tutakuwa tunasoma mara mbili: mara ya kwanza tukiwa wakulima, mara ya pili tukiwa wasahihishaji. Tulifanya hivyo kwa muda. Kisha kazi zikawa nyingi, ile mara ya kwanza ikafa.

Sasa njoo kwenye kitabu chako.

Uliponiletea zile kurasa zilizokwisha kupangwa nilizisoma mara tatu. Niliweka rula chini ya kila mstari ili jicho lisikimbie mbele. Mara ya tatu nilianza ukurasa wa mwisho nikarudi nyuma, maana ukisoma kinyumenyume habari haikubebi, unaliona neno lenyewe. Hiyo ni mbinu nzuri, uishike, ila uitumie mwisho kabisa. Nilikuta makosa arobaini na moja. Nikakuita, tukakaa mezani, ukashangaa, ukanikumbatia shingoni ukasema, "Mama, macho yako bado ni ya kiwandani." Jumatatu ukampigia simu mhariri wako, ukamwambia yaliyobaki ni herufi tu. Akafurahi. Akasema ukimpelekea orodha ya masahihisho kesho Ijumaa, mchana huohuo kurasa zinakwenda kuchapwa.

Wakati unaongea naye nilikuwa jikoni nasikia. Nilikuwa nimeshajua tangu jana yake kwamba si herufi tu. Nikanyamaza. Hilo ni kosa jingine, nitalifikia.

Jana yake ilikuwa Jumapili. Wewe ulibaki kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mtani wangu Tekla, yule anayeuza njegere pale sokoni, akaja na kapu lake kukaa na mimi. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mabibi, na wewe umemwona kwenye misiba akimwaga majivu mlangoni na kuwatukana waliofiwa mpaka wanacheka. Mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anakuambia lolote, na ukikasirika aibu ni yako. Alikuwa akimenya njegere, akaniuliza naandika nini. Nikasema nasahihisha kitabu cha Leokadia.

"Kimezungumzia watu wa ukoo wenu?"

"Ni hadithi tu, Tekla."

"Nisomee basi, mwizi we, nisikie mlivyojisifu."

Nikamfungulia sura ya tisa kwa sababu ndiyo iliyoniliza. Ile ambayo baba yake Anastazia yuko kitandani anakaribia kukata roho, anawaita watoto, analitoa shamba lote la matuta kwa mwanawe wa kiume, na Anastazia anabaki amesimama na kikombe cha uji mkononi. Nilisoma vizuri, mwanangu. Nilisoma kwa sauti ya Mzee Ramadhani lakini bila alama. Nilipofika pale baba anaposema mwanamke hana shamba, Tekla akanyanyua mkono wenye maganda.

"Subiri. Nani kagawa?"

"Baba yake."

"Shamba la nani?"

"La pale nyumbani kwao."

"Nyumbani kwao kwa nani? Kwa mama yake, au kwa bibi mzaa baba?"

Nikarudi sura ya pili kutazama. Umeandika wazi kabisa kwamba mama yake Anastazia ndiye mzaliwa wa pale, na baba alikuja kuoa akitoka ng'ambo ya mto. Nikasema, "Kwa mama yake."

Tekla alicheka mpaka kapu likapinduka. Njegere zikatawanyika baraza nzima.

"Yaani mtu kaja kuoa, kakaribishwa kwenye shamba la wakwe, halafu anakufa anagawa! Kwa idhini ya nani? Huyo hata kaburi lake pale kaazimwa! Mwambie mwanao siku ya kuzindua kitabu aandae viti vya kutosha, wazee wa Mgeta watashuka wote kudai shamba lao."

Mimi nilikuwa nimekaa na kalamu yangu.

"Na wewe na hiyo kalamu ya damu, mara tatu umesoma. Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Nukta," nikasema.

"Nukta!" Akapiga makofi. "Ukoo wenu bwana. Mnasomeshwa mpaka mnawasahau mama zenu."

Nilicheka naye, kwani nilikuwa sijaelewa bado. Ndipo akaacha kucheka, akaanza kuokota njegere moja moja, akaniuliza bila kunitazama: "Lakini mtoto kayatoa wapi haya?"

Nikasema hii ni riwaya, mtu hubuni.

"Mwongo mkubwa we. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nasonga ugali."

Leokadia, sasa nakuambia ni siku ipi.

Ulikuwa darasa la tatu bibi yako alipofariki. Ukikumbuka, nilikwenda Mgeta nikakaa wiki nzima. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Wewe umekulia hapa Kihonda katikati ya watu wa kila mkoa, na sikukufundisha jambo hili, kwa hiyo nalieleza kama kwa mgeni: kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Shamba lile la matuta lilikuwa la bibi yako na la mama yake kabla yake. Babu yako alilima pale maisha yake yote, alijenga kila ngazi ya yale matuta kwa mikono yake, lakini halikuwa lake na hakuna aliyemwuliza. Wakati ukoo unakaa, yeye alikuwa nje karibu na zizi la mbuzi, anachonga mpini. Aliyeendesha kikao alikuwa mjomba wangu Bonventura. Ndiye aliyekuwa na kauli.

Na mjomba aliniuliza. Mbele ya watu wote alisema, "Wewe ni binti yake, una sehemu yako. Unataka kutoka wapi mpaka wapi?"

Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na kalamu yangu nyekundu, na nilikuwa nimechoka kuonekana mtu wa milimani. Nikacheka, nikasema, "Mjomba, mimi na jembe wapi na wapi? Wagawieni wanaolima." Aliniuliza tena. Nikajibu hivyohivyo. Mara ya tatu hakuuliza, alinitazama tu, kisha akaligawa lote kwa kaka yangu Kaspari na binamu zetu. Watu walicheka pamoja nami, na nilidhani wanacheka kwa kunisifu.

Babu yako alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari. Gari lilipotokea kwenye kona alisema, "Kama ningekuwa na mdomo pale, ningekuombea." Basi. Nikapanda.

Miaka ikapita, viwanja hapa vikawa vya kugombania, kiwanda kikapunguza watu, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Siku moja uliniuliza kwa nini wenzako wana mahali pa kwenda likizo kule juu na sisi hatuna. Babu yako alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nakatakata mchicha. Ningeweza kukuambia ukweli kwa sentensi moja, lakini ukweli ule ulikuwa unanifanya mimi kuwa mjinga, nami nilizoea uniamini kuwa mama asiyepitwa na kitu. Nikasema, "Babu yako alimpa mjomba wako Kaspari lote." Ukauliza, "Kwa sababu wewe ni mwanamke?" Nikasema, "Ndiyo, mama, kwa sababu hiyo."

Sikufikiria zaidi ya siku hiyo. Nilidhani nimefunga mazungumzo. Kumbe nilikuwa nimekupa mswada.

Umeubeba miaka kumi na tano, ukaukuza, ukautia kikombe cha uji na pumzi za mgonjwa na mvua juu ya bati. Umeandika vizuri mpaka mimi, niliyetunga uongo wenyewe, nilisoma nikamlilia Anastazia na kumchukia baba yake. Hapo ndipo ninapoogopa. Ikichapwa kesho kama ilivyo, kila atakayesoma atamchukia mtu ambaye alitamani kuniombea akakosa mdomo. Yeye amelala kule juu, hawezi kukuandikia barua kujitetea. Na wazee wa Mgeta watasema mtoto wa kwetu hajui kwao. Watakuwa wamekuonea, maana ujinga huo niliutia mimi kwa mkono wangu.

Hilo ndilo baya. Sasa nisikilize kuhusu zuri, maana limeninyima utulivu siku nne.

Kitabu chako kinakuwa kikubwa zaidi. Nimekifikiria kila upande. Baba katili anayemnyima binti yake tumeshamwona, msomaji akimwona mlangoni anajua atasema nini. Lakini hebu fikiria kikao. Mjomba anauliza mara mbili. Anastazia, amependeza, anacheka na kukataa haki yake kwa mdomo wake, na watu wanacheka naye. Baba yake yuko nje, anasikia kila neno, kisu kinasimama kwenye mpini. Anayempenda kuliko wote hana kauli, na mwenye kauli anampa, na yeye mwenyewe ndiye anayejinyima. Halafu sura zote zinazofuata, zile za shida zake mjini, hazihitaji kubadilika ila kidogo sana! Nimezipitia. Hasira yake itabaki ileile, ila sasa msomaji atajua anamkasirikia nani kwa kweli kabla yeye mwenyewe hajajua. Na unakumbuka sura ya kumi na nane, anapopanda mlimani bila kujua anafuata nini? Mhariri alikuuliza anafuata nini, ukakosa jibu. Sasa unalo.

Najua umeambiwa kwamba kwenye prufu hakuna kuandika upya. Ni kweli, kurasa zimeshapangwa, ukiongeza aya hapa kila kitu kinasukumwa mpaka mwisho. Lakini mimi nimekaa na kurasa zilizopangwa nusu ya maisha yangu. Sura ya tisa ina kurasa kumi na mbili, inaanza ukurasa mpya na inaishia nusu ukurasa. Ukiiandika upya ikabaki ndani ya kurasa kumi na mbili, kitabu kingine hakitikisiki. Kwingineko nimekuta mistari kumi na saba inayomtaja baba kuwa alimnyima Anastazia shamba. Nimeitia alama ya penseli pembeni, kalamu sijaigusa, kwa sababu maneno ni yako. Mhariri atanung'unika. Wahariri wote hunung'unika, kisha wanasoma, kisha wanauliza kwa nini hukuleta hivi tangu mwanzo.

Mwezi unaweza kupita kabla hakijachapwa. Utaambiwa umechelewa. Nakuelewa ukiogopa, kwa sababu umeshawatangazia marafiki, na leo huko Mazimbu bila shaka wanakupigia vigelegele. Mimi pia niliogopa, ndiyo maana Jumatatu nikanyamaza jikoni nikisikia unamwambia "herufi tu". Nilijiambia ni hadithi, nani atajua. Ni sauti ileile iliyoniambia karoti si kazi yangu, na ileile iliyonichekesha mbele ya mjomba. Nimeizoea sasa, naitambua ikianza kuongea.

Kuna jambo moja zaidi nimejifunza, nalo nakupa uende nalo kwenye vitabu vyote utakavyoandika. Usiwape kitabu wanaokupenda peke yao. Sisi tunakusomea huku tukikushika mkono, tunaona nukta. Tafuta mtani. Dar es Salaam ina watu wa kila aina, hutakosa mmoja mwenye ulimi kama wa Tekla, asiyejali umelala saa ngapi ukiandika. Mkalishe, mpe kitu cha kumenya, umsomee kwa sauti. Atakapokuzuia kwa mkono, nyamaza, usijitetee. Atakapocheka mahali ambapo hukukusudia, weka alama hapo. Ukimaliza hayo yote ndipo ushike rula na kalamu.

Tekla amesema kitabu kikitoka anataka nakala, na kwamba asipoonekana humo akisonga ugali atakuja kukufanyia fujo kazini kwako. Hilo mtaongea wenyewe.

Ukitaka kujua lolote kuhusu kikao kile, niulize jioni hii. Nitakueleza nani alikaa wapi, mjomba alivaa nini, mimi nilivaa nini. Sitajitetea. Na ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, mimi nitapika huku ukikasirika. Kaspari naye yupo, simu yake inapatikana akipanda kwenye kilima cha shule. Nimeongea naye jana. Nilimwambia nilichokuambia enzi zile. Akasema, "Dada, matuta ya juu kabisa tuliyaacha. Hakuna aliyeyagusa. Baba alisema tungoje labda utabadili mawazo." Nimeliandika kama alivyolisema. Litumie kama linakufaa.

Ukimaliza kusoma barua hii itakuwa haijafika saa kumi, na ofisi ya mhariri wako itakuwa bado wazi. Begi liache. Chukua simu, mpigie leo, umwambie sura ya tisa isiende kuchapwa.

Mama yako.